Naomba ushauri: picha ya Ikaro, ni ya zamani kweli au nakala?

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Uholanzi, na juzi nilinunua kwenye soko la mitumba picha ya duara: Ikaro, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta, anaporomoka kutoka angani, maandishi ya Kilatini yakimzunguka. Mchoro huo ni wa Hendrick Goltzius wa Haarlem, aliyeuchonga kwenye bamba la shaba mwaka 1588 kufuata kazi ya mchoraji Cornelis van Haarlem. Wenzake Ikaro katika seti hiyo ya michoro ni Phaeton, Tantalus na Ixion, nao wa hadithi za Kigiriki. Goltzius aliungua mkono wa kulia utotoni, lakini tazameni mistari yake inavyonenepa na kukonda kwenye misuli ya paja! Naipenda mno.

Nimeiangalia kwa lenzi. Wino ni mistari mitupu, sioni vile vinukta vya uchapaji wa kisasa. Tatizo, karatasi imekatwa hadi ukingoni, kwa hiyo alama ya kubonyezwa na bamba haipo, na imegundishwa kwenye kadibodi, hivyo siwezi kuimulika kwa nyuma nione alama ya maji, ile chapa ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi.

Je, niibandue kwa mvuke, au nimpelekee fundi wa karatasi kwanza? Kadibodi imeanza kuacha madoa ya kahawia, naogopa kuchelewa.