Kumshukuru Mungu kila siku bila iwe mazoea ya mdomo: mnafanyaje?

Dada_Likoni

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mwongozo wa vitendo. Mahubiri ya kwamba "tushukuru" nimeyasikia na nayakubali, ila "asante Mungu kwa uhai" hunitoka asubuhi kabla akili haijaamka, na jioni ni yale yale.

Ratiba yenyewe ni hii: kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kujaza maji, kuvuka feri kwenda kazini kisiwani Mombasa, kurudi saa moja usiku, kupika, kulala. Nyumba ni chumba kimoja na watoto wawili, kwa hiyo mahali pa kukaa kimya hapapo. Nauliza: nishukuru saa ngapi? Nifanye nini nisiwe narudia maneno? Na siku ambazo mambo ni mabaya kabisa, nishukuru nini bila kudanganya?

Mwalimu_Kisauni

Amina dada. Usijihukumu kwamba imani imepungua. Mara nyingi shukrani huwa imetanuka mno. "Uhai, afya na familia" inabeba kila kitu, kwa hiyo moyo haupati pa kushika. Ipunguze. Kila shukrani iwe na jambo lenyewe, mahali au saa lilipotokea, na mkono uliolileta. Usiseme "asante kwa maji". Sema: "Asante Bwana, bomba limetoa maji leo kabla ya saa kumi na moja, mitungi minne imejaa, na jirani amenishikia foleni nilipokuwa nawaamsha watoto." Hayo huwezi kuyasema ukiwa usingizini, kwa sababu jana hayakuwa hivyo na kesho hayatakuwa hivyo.

Kuhusu saa, nusu saa usiitafute, hutaipata. Tazama Danieli 6:10. Alipojua amri imetiwa sahihi, aliingia chumbani, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akashukuru kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Siku ya hatari haikumkuta anatafuta muda wala maneno, desturi ilikuwa imekwisha kujengwa. Na desturi hujengwa kwa kuifunga kwenye jambo ambalo lazima ulifanye. Kwako naona vituo vitatu: maji, feri, na kuzima taa. Anza na hivyo tu. Wengi huanza na vituo kumi Jumatatu, na kufikia Ijumaa hakuna hata kimoja.

Kwenye maji, shukuru mtungi wa kwanza unapojaa, sentensi moja, kwa sauti ya chini. Usiguse simu kabla ya hapo. Ukifungua ujumbe kwanza, akili imekwisha kwenda kazini au kwenye deni.

Kwenye feri una kitu ambacho watu wa bara hawana. Zaburi 107 ina makundi manne ya watu: waliopotea nyikani (4–9), waliofungwa (10–16), wagonjwa (17–22), na washukao baharini (23–32). Kila kundi linabanwa, linamlilia Bwana, linaokolewa, kisha linaambiwa limshukuru. Chukua kundi moja kwa wiki. Soma aya zake ukisubiri kwenye foleni, hazifiki dakika mbili. Feri ikianza kusogea, funga simu na useme ni lini Mungu alikutoa katika hali kama ya kundi hilo, kisha mtaje mtu mmoja aliye katika hali hiyo sasa. Mwezi ukiisha umezunguka makundi yote, na unaanza tena ukiwa na mambo mapya ya kuweka ndani.

Usiku, daftari. La kawaida la shule, kurasa 96, linatosha. Funga kalamu kwenye daftari kwa uzi, maana ukianza kuitafuta gizani hutaandika. Tarehe, kisha mistari mitatu, kila mstari jambo la siku hiyo tu. Kanuni ni moja: usirudie jambo lililokwisha kuandikwa wiki hiyo. Hiyo ndiyo itakayokulazimisha kuangalia mchana. Ukijua "watoto wazima" umeshaiandika Jumatatu, Jumanne utaanza kuona kwamba konda alikurudishia chenji yote, au kwamba kidonda cha mtoto kimekauka.

Linaloharibika kwa kawaida ni wiki ya pili. Mistari inakuwa mifupi, kisha inakuwa "uhai, chakula, kazi". Ikifika hapo usiongeze mistari, badilisha swali. Badala ya "nimepata nini leo?" jiulize "ni kitu gani kingekosekana leo, siku ingeharibika?" Kama bado ni pakavu, andika mara moja kwa wiki lakini kwa kirefu. Wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti mwaka 2003 ambamo watu waliandika mambo hadi matano mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, na wakaridhika na maisha yao kuliko waliotakiwa kuandika kero. Hiyo haikuwa ibada, lakini inaonyesha kwamba si lazima uandike kila siku ndipo ikufae.

Katekista_Changamwe

Mwalimu amesema vizuri. Naongeza njia ambayo Wakatoliki wengi wanaijua, na yeyote anaweza kuitumia. Katika Mazoezi ya Kiroho ya Ignasi wa Loyola, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, kuna uchunguzi wa dhamiri wenye hatua tano: kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea, kuomba neema ya kuzijua dhambi zako, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuazimia kurekebika.

Angalia shukrani imewekwa wapi. Ni ya kwanza, kabla ya toba. Ukianza na makosa, unamaliza umechoka na shukrani inakosa nafasi. Ukianza na mema, hata makosa unayaona kwa macho mengine: "Nilipewa haya yote, na bado nilimfokea mama muuza mboga kwa shilingi kumi."

Dakika kumi zinatosha: tatu za shukrani, nne za kuipitia siku, zilizobaki kwa hatua nyingine. Wenye kazi za zamu pale bandarini wafanye wanapomaliza zamu, hata kama ni saa nne asubuhi. Siku yako inaisha unapolala.

Mama_Jomvu

Mimi naona tunasahau upande mmoja. Shukrani inayoishia kwa Mungu peke yake ina kasoro. Soma Walawi 7:11–15. Sadaka ya shukrani ililetwa pamoja na mikate, na nyama yake ilipaswa kuliwa siku iyo hiyo, isibaki hata asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza mnyama mzima kwa siku moja, lazima aite watu. Kwa hiyo jambo likitendeka, lishirikishe kabla hujalala. Si lazima uchinje. Sahani ya mahamri na mbaazi kwa jirani inatosha, awe Mkristo au Mwislamu, na hapa Mombasa sahani hiyo hairudi tupu. Mwambie sababu: "Mtoto ametoka hospitali, tunamshukuru Mungu pamoja nanyi." Bila sababu ni ukarimu mzuri tu, ukiitaja ndipo inakuwa shukrani.

Na yule aliyekuwa mkono wa Mungu aambiwe yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa jina na kwa jambo. Wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 waliponywa wote wakiwa njiani. Aliyerudi ni mmoja, Msamaria, na alirudi alipoona tu kwamba amepona. Ukingoja hadi Jumapili upate nafasi ya ushuhuda, mengi yatakuwa yamesahaulika.

Sasa mambo matatu yanayoichafua shukrani, na nayasema kwa uchungu kwa sababu yako makanisani mwetu.

La kwanza, kushukuru kwa kujilinganisha. "Asante Mungu, wengine wako mochari, mimi niko hai." Ile ni sala ya Farisayo wa Luka 18:11, aliyeshukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Msiba wa mwenzako usiwe kipimo cha baraka yako. Shukuru kwa ulichopewa, na yule aliye hospitali muombee.

La pili, bahasha ya shukrani inayotolewa ili upate zaidi. Shukrani hutazama nyuma, kwa kilichokwisha kutendwa. Ukiandika juu ya bahasha jambo unalolitaka, hilo ni ombi, liite ombi.

La tatu ndilo zito. Huwezi kumshukuru Mungu kwa nyumba safi na nguo zilizopigwa pasi huku dada wa kazi hajalipwa miezi miwili. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na vilio vimefika masikioni mwa Bwana. Lipa kwanza, kisha uimbe.

Kijana_Bamburi

Naomba tusiruke swali la tatu la dada. Siku mbaya kabisa. Kodi imegonga, mgonjwa yuko wodini, halafu mtu anakwambia "shukuru kwa kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18". Inaumiza.

Mwalimu_Kisauni

Inaumiza, na huyo anayeisema hivyo ameitumia vibaya. Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wakiteswa, na katika barua hiyo hiyo (4:13) anazungumza nao kuhusu wafu wao. Hawakatazi kuhuzunika, anataka wasihuzunike kama wasio na matumaini. Mungu hahitaji umwambie kwamba ugonjwa ni mzuri.

Fanya hivi. Siku kama hiyo usianze na shukrani. Anza na malalamiko, na yawe na majina kama shukrani zilivyo na majina. Zaburi 13 ina aya sita tu: mbili za kwanza ni "hata lini", mbili zinazofuata ni ombi, mbili za mwisho ni tumaini na wimbo. Ifuate kama ilivyo, sentensi moja yako kwa kila aya. Ukishindwa kufika aya ya tano, ishia ulipofika. Zaburi 88 yenyewe inaisha gizani bila shukrani hata moja, na imo katika Biblia.

Ukipata nguvu kidogo, tumia Habakuki 3:17–18. Nabii anataja vitu sita vilivyopotea: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Anavitaja vyote, kimoja kimoja, ndipo anasema atamfurahia Bwana. Nawe andika upande wa kushoto wa ukurasa kilichopotea. Upande wa kulia andika ambacho hakijachukuliwa, hata kama ni kimoja: nesi wa usiku alimgeuza mgonjwa bila kuitwa. Usifute upande wa kushoto.

Na ukienda matangani, neno "mshukuruni Mungu" liache kwa wafiwa wenyewe. Wakilisema, itikia amina. Wasiposema, chota maji, osha vyombo, kaa.

Dada_Likoni

Mungu awabariki. Hilo la kushoto na kulia nimelielewa mara moja. Bado nina watoto, wa miaka minane na mitano. Nikiwaambia washukuru, wanakariri sala ya chakula haraka ili wale.

Mama_Jomvu

Wacha sala fupi kabla ya kula, wana njaa. Weka shukrani baada ya kula. Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema ule, ushibe, kisha umshukuru Bwana, na aya zinazofuata zinaonya kwamba mtu husahau akishashiba. Kila mtu aseme jambo moja, na mama aanze, maana mtoto huiga urefu na undani wa aliyetangulia. Mdogo akisema "chapati", usimsahihishe kwamba aseme kitu cha kiroho. Muulize tu nani aliikanda.

Jioni stima ikipotea, chezeni Zaburi 136. Ina aya 26, na kila aya ina kiitikio "kwa maana fadhili zake ni za milele". Aya 4–9 ni uumbaji, 10–22 ni safari ya Waisraeli kutoka Misri, na 25 ni chakula. Wewe taja jambo la nyumba yenu, watoto waitikie: "Aliyetuvusha wakati wa mvua kubwa…" "Aliyempa mama kazi…" Mkishazoea, mpe yule wa miaka minane ataje na wewe uitikie. Mistari minane inatosha, ikizidi wanasinzia.

Dada_Likoni

Swali la mwisho. Kwenye feri watu wamebanana, siwezi kutoa sauti. Kimoyomoyo inahesabika?

Katekista_Changamwe

Inahesabika. 1 Samweli 1:13, Hana aliomba moyoni, midomo ikicheza bila sauti kusikika, na Mungu alimsikia. Chezesha midomo kidogo, inasaidia mawazo yasitawanyike. Na shikilia mkoba wako.