Ushauri: niandike "hatutaki bwawa", au tudai maji yetu?

MwanaOzi:
Ndugu zangu, nisaidieni kabla ya Alhamisi.

Kwetu ni Ozi, karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Chifu ameitisha baraza kuhusu bwawa la High Grand Falls linalopendekezwa kujengwa huko juu, kati ya Kitui na Tharaka Nithi. Wazee wamenituma niandike maoni ya kijiji.

Mzee wangu anataka neno moja tu: hatutaki. Namwelewa. Alikuwa kijana bwawa la Masinga, huko juu ya mto, lilipokamilika mwaka 1981, na anasema tangu hapo mto haujafura kama zamani. Sisi mpunga wetu hautegemei mvua ya Ozi. Tunangoja mto uingie mashambani masika na vuli, ushuke, ndipo tupande kwenye tope. Sasa mto ukiwa dhaifu, bamvua ikija maji ya bahari yanapanda hadi kwetu. Miembe ya babu imekauka imesimama. Mama hupiga kasia kwenda juu kutafuta maji ya kunywa.

Lakini mimi nimepanga nyumba Nairobi, na mfereji wangu hutoa maji siku mbili kwa wiki. Sensa ya 2019 ilitupata watu milioni 4.4 hapa. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika, nao Thika humwaga Tana. Yaani nakunywa mto wa mzee wangu. Nitaandikaje "hatutaki"?

Nuru_Garissa:
Mimi bwawa nalitaka. Aprili 2024 boti ilizama kati ya Madogo na Garissa, watu wakafa, kwa sababu barabara ilikuwa chini ya maji. Nyinyi mnaita mafuriko riziki, sisi tumezika.

FundiMaji:
Dada Nuru, poleni sana. Nimefanya kazi ya maji miaka mingi, na hapo naomba nikwambie jambo. Mwaka huo mabwawa matano yalikuwa tayari juu yenu, na Masinga lilikuwa linafurika. Bwawa la umeme hupendelea kukaa limejaa, na likishajaa halizuii kitu. Usalama wenu unategemea nani anafungua milango, lini, na kama mmepewa taarifa mapema.

MwanaOzi, "hatutaki" peke yake itasomwa na kuwekwa kando. Hili bwawa lingebeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 5. Masinga ni kama bilioni 1.5. Andika mnachohitaji: maji kiasi gani, mwezi gani, siku ngapi. Keti na mzee wako akuonyeshe mafuriko mazuri yalifika wapi, mwembe upi, kaburi lipi. Pima chumvi ya mto wakati wa bamvua, uandike tarehe. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba, maji ya kuachwa mtoni kwa ajili ya watu na uhai wa mto wenyewe. Dai hiyo. Taja pia tope: likinaswa bwawani, shamba lenu linakosa mbolea yake.

Mpangani:
Salamu kutoka Tanga. Kwetu bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, na mashamba ya umwagiliaji yakaongezeka huko juu. Leo chumvi inapanda Mto Pangani na minazi imekufa. Hakuna aliyetuandikia ahadi ya maji wakati ule. Nyinyi itakeni kwa maandishi kabla ya leseni.

WakiliPwani:
Ongezeni kwamba delta yenu iko kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2012. NEMA, mamlaka ya mazingira, ikitoa leseni bila kuwasikiliza, mna siku 60 kukata rufaa. Majirani zenu wa Lamu walifanya hivyo, na Juni 2019 leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tunzeni orodha ya waliohudhuria baraza, na nakala yenye muhuri.

MwanaOzi:
Asanteni. Nimempigia mzee, tumeongea saa nzima. Bado hataki bwawa, na ukurasa wa kwanza utasema hivyo kwa maneno yake. Wa pili ni madai ya maji, na nitaweka onyo la mapema kwa watu wa Garissa. Kesho asubuhi tunazunguka mashambani, anionyeshe alama za maji. Dada Nuru, ukiwa na tarehe za maji kufika kwenu, niwekee hapa.

Nuru_Garissa:
Nitaziweka usiku huu.