Kwa nini majaji wa Marekani wanafuata kesi za zamani?

Habari wakuu, nipo Iringa hapa Kihesa. Mdogo wangu anasoma sheria, jana tunakula akaniambia Marekani jaji akipata kesi anaangalia kwanza zilizofanana nayo ziliamuliwaje. Sasa kama jaji wa kwanza alikosea si wote watakosea? Naombeni ufafanuzi

Kijana wa Uyole: Mkuu lengo ni watu wenye shida moja wapate haki moja. Fikiria wewe na jirani mmegombania mpaka wa shamba la viazi, yeye kashinda, mwakani mwingine mwenye kesi kama yako anashinda, si utaona uonevu? Ila hukumu ya zamani inabana hasa kushuka chini, Mahakama ya Juu ikisema zote za chini zinafuata, lakini mahakama ya rufaa ya kanda moja haiibani ya kanda nyingine. Na wakili anaruhusiwa kuonyesha kwamba kesi yake haifanani na ile ya zamani, hapo ndo mabishano yote yalipo

Mama Neema: Kukosea kupo na kunaumiza jamani. 1896 kwenye kesi ya Plessy Mahakama ya Juu ilisema kutenga weusi na weupe kwenye mabehewa ya treni ni halali, ikafuatwa mpaka 1954 kesi ya Brown ndo wakaikataa kwa upande wa shule, miaka 58!! watoto wamekua wakazeeka

Kijana wa Uyole: Kweli dada. Na 2022 wameifuta ya Roe ya 1973, ile iliyotambua haki ya kutoa mimba. Hata kwetu Mahakama ya Rufani ikiamua, za chini zinafuata, tulirithi kwa Mwingereza