Mjadala: Pembe za ng'ombe shambani, ni kilimo au ni imani?

MbojiKwanza: Wakuu, vikundi vya kilimo hai vinashawishiwa kuingia kwenye baiodinamiki, kilimo kilichotokana na mihadhara ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924 kule Koberwitz, leo ni Poland. Mboji, mzunguko wa mazao, mifugo inayolishwa na shamba lenyewe: hapo hatugombani. Ninachouliza ni dawa namba 500. Unajaza kinyesi kibichi kwenye pembe ya ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa, unaizika kina cha nusu mita hivi kabla ya baridi ya Ulaya, unaifukua baridi ikiisha. Gramu 100 hivi zinatosha hekta. Unazikoroga saa nzima kwenye lita 35 hadi 40 za maji vuguvugu, upande mmoja mpaka shimo la maji lizame karibu na kitako cha pipa, kisha unageuza ghafla upande wa pili. Unanyunyizia udongo jioni, kwa matone makubwa. Sasa sisi wa karibu na Ikweta hatuna majira hayo. Tuzike lini? Na kama tarehe yenyewe ni ya kukisia, dawa inafanya kazi gani?

Kichuguu: Tarehe isikusumbue. Nyanda za Juu Kusini zika masika yakiisha, fukua Septemba. Watu wanaharibikiwa kwenye shimo: wanazika bondeni maji yanakotuama, au wanalaza pembe mdomo juu, zinajaa maji. Mdomo utazame chini. Ukifukua ukakuta ndani bado kijani na kunanuka choo, hewa haikupita, rudisha, subiri. Iliyoiva ni nyeusi, inafinyangika, ina harufu ya udongo wa msituni. Na kinyesi cha ng'ombe anayeshindiliwa pumba ni majimaji, hakiivi. Chukua cha anayekula majani.

HesabuShambani: Gramu 100 za hicho kitu hazifikishi gramu 3 za naitrojeni. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na kilo 15 hivi. Nani atazirudisha? Huu ni ushirikina wa kizungu, basi. Na hizo pembe mtazitoa wapi, wakati ng'ombe wa maziwa wote siku hizi wanachomwa pembe wakiwa ndama?

BintiShamba: Ushirikina? Na bibi zetu waliopanda kwa kuangalia mwezi utawaitaje? Chunga ulimi, kaka. Pale Therwil, Uswisi, kuna jaribio linaloendelea tangu 1978: baiodinamiki, kilimo hai na cha kawaida kwenye udongo uleule. Ripoti ya 2002 ilionyesha mavuno ya kilimo hai yako chini kwa asilimia 20 hivi, lakini mbolea iliyotumika ilikuwa pungufu kwa asilimia 34 hadi 53, na udongo ulikuwa hai zaidi. Wale pia ni waganga?

HesabuShambani: Sijamtukana bibi wa mtu. Jaribio hilo nalikubali, lakini vitalu vya baiodinamiki vilipewa samadi iliyofanywa mboji, vya kilimo hai samadi iliyooza kiasi tu. Utatenganishaje kazi ya mboji na kazi ya pembe? Mwenye nia apime hivi: mboji ileile kwenye vitalu vyote, nusu vinyunyiziwe namba 500, nusu maji matupu yaliyokorogwa saa nzima, na anayepima asijue kipi ni kipi.

FundiBanda: "Wote wanachomwa pembe" umelitoa wapi? Nembo ya Demeter, inayothibitisha mazao ya baiodinamiki, imekataza kuondoa pembe. Na Waswisi mpaka walipiga kura nchi nzima kutetea pembe.

DaktariWaZizi: Walipiga, Novemba 2018, na asilimia 54.7 wakakataa. Tena haikuwa kura ya kukataza. Ilikuwa ya kumpa ruzuku anayeacha pembe. Ndugu, umewahi kushona kiwele kilichochanwa na pembe? Banda la kulishia ndani, ng'ombe wanne, kona haina pa kutokea: mnyonge anakwenda wapi?

BintiShamba: Kwa hiyo dawa ni kumchoma ndama kwa chuma cha moto? Huo ndio ukatili.

DaktariWaZizi: Ukatili ni kumchoma bila ganzi, dada, au kusubiri akue. Mpaka wiki 8 hivi kikonyo cha pembe bado kinacheza juu ya fuvu. Kikishika mfupa, ukikata unafungua uwazi wa fuvu, inzi wanataga humo. Ganzi ya lidokeini asilimia 2, mililita 5 kila upande, chini ya ukingo wa mfupa kati ya jicho na pembe. Subiri dakika 10, choma ngozi kwa sindano uone kama anashtuka. Asiposhtuka, weka chuma chenye joto kali kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka pete ya rangi ya shaba ikamilike. Pete ikikatika sehemu, pembe itaota tena, na itaota vibaya.

Kichuguu: Wanaotafuta za kuzika waende machinjioni. Ya jike ina pete karibu na shina na imejipinda. Ya dume ni nene shinani, haina pete zile. Pembe moja inarudi shimoni misimu kadhaa mpaka ianze kumenyeka. Za zebu ni fupi, hesabu nyingi zaidi.

MbojiKwanza: Daktari ameniingia. Mwenye kutaka kuacha pembe ajenge banda la namna gani?

FundiBanda: Kwanza ondoa njia zisizo na pa kutokea: kila ujia uwe na midomo miwili. Kila ng'ombe apate karibu mita moja ya hori, kizuizi cha shingo kifunguke juu ili achomoe kichwa kwa haraka. Kitanda cha ng'ombe wa kisasa hujengwa upana wa mita 1.2, kwa mwenye pembe ongeza, na ubao wa mbele uache nafasi ya kichwa kupita. Chumvi na maji viwe sehemu mbili tofauti, maana ugomvi mwingi huanzia pale. Na mtamba mgeni usimwingize peke yake. Ingiza wawili pamoja, mchana, baada ya kulisha.

DaktariWaZizi: Kwa robo ekari hilo banda halijengeki.

FundiBanda: Basi fuga wawili, si wanne.