Ushauri: Binti yangu anacheza netiboli Jamaika, kikapu kimemfungulia mlango wa Marekani. Ashike lipi?

Mama Pwani:
Habari zenu ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo nimekwama.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mjamaika, na huu ni mwaka wa 18 tunaishi Spanish Town, jirani na Kingston. Binti yetu wa kwanza ana miaka 17, urefu sentimita 188. Anacheza netiboli tangu mdogo, nafasi ya GS, yule anayekaa chini ya pete na kufunga. Huku netiboli ni jambo zito. Timu ya taifa, Sunshine Girls, ilichukua fedha Michezo ya Jumuiya ya Madola 2022 na shaba Kombe la Dunia 2023 Cape Town. Watoto wa kike wanawajua Jhaniele Fowler na Romelda Aiken kama wetu wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga.

Miaka miwili nyuma akaanza na kikapu. Baba yake alichomelea pete kwenye nguzo ya chuma uani, mita 3.05 kutoka chini, kwa sababu kimo cha pete ni kile kile michezo yote miwili. Nyuma akatengeneza ubao wa plaiwudi wa kupachika. Siku ya kikapu mtoto anapachika ubao, siku ya netiboli anauchomoa, maana netiboli haina ubao. Mipira anayo miwili: namba tano ya netiboli, namba sita ya kikapu. Pete yetu ni ya netiboli, upana sentimita 38. Akienda uwanja wa kikapu akakuta ya 45 anasema anaona karai.

Sasa kocha wa chuo kimoja cha miaka miwili Marekani ameona video yake. Anampa ufadhili: ada, malazi, chakula. Anataka jibu Ijumaa, mtoto aripoti Januari. Kocha wake wa netiboli anasema asubiri, ana nafasi ya kuitwa timu ya vijana. Akienda huko, netiboli ndiyo kwaheri, kwa sababu vyuo vya Marekani havitoi ufadhili wa netiboli.

Nishaurini. Netiboli au kikapu?

Mzee wa Posho:
Dada, hili nalo la kuulizia? Watu wanauza mashamba watoto wasome Marekani, wewe umeletewa bure mlangoni unakuja kutuuliza! Aende. Pete za netiboli hazihami.

Kipusa wa Moro:
Mimi nilicheza GK, yule beki anayemkaba GS chini ya pete, mkoa wetu miaka hiyo, hakuna mfungaji aliyepita kwangu akicheka. Nikaolewa, mume akasema sketi fupi basi. Nikaacha. Nina miaka 46 sasa, juzi nimepita uwanja wa shule nikakuta wasichana wanacheza, filimbi ilipolia miguu yangu ikashtuka yenyewe. Mwache mtoto acheze anachokipenda, mama. Anapenda kipi? Hujasema.

Fundi Antena:
Sentimita 188 na miaka 17! Akija likizo Bongo amtembelee bibi yangu Korogwe, kuna maembe ya juu yamegoma kushuka.

Msafiri wa Coventry:
Naishi karibu na Birmingham, 2022 nilipata tiketi ya netiboli kwa bahati tu, mwenzangu wa kazini aliugua. Sikujua kitu. Nilikaa katikati ya Wajamaika, kina mama wenye mabati na filimbi. Siku za makundi Jamaika waliifunga Australia 57 kwa 55, nikadhani jengo linaanguka. Fainali Australia wakalipiza, 55 kwa 51. Mama mmoja pembeni yangu alilia huku anapiga makofi. Kama binti yako ana nafasi hata ndogo ya kuvaa jezi ile, mimi nasema abaki. Na yule Fowler nilimwona kwa macho, sentimita 198, mpira ukishafika juu mkononi mwake mabeki wanabaki kumtazama.

Mzee wa Posho:
Jezi hailipi ada.

Msafiri wa Coventry:
Fowler huyo alilipwa Australia na timu ya West Coast Fever, walichukua ubingwa 2022. Kabla ya hapo alikuwa New Zealand. Usidharau, mzee.

Mama Pwani:
Nawashukuru nyote. Dada wa Moro, anapenda vyote. Mzee wa Posho umesema kama baba yake.

Mwalimu wa Michezo:
Dada yangu, nimefundisha michezo yote hii miwili shuleni zaidi ya miaka 20. Ni ndugu, lakini mwili unafanya kazi tofauti kabisa. Netiboli hudundi mpira kusonga nao. Ukiudaka una sekunde tatu, na mguu uliotua nao umefungwa pale. Beki anakaa sentimita 90 mbali nawe, hakugusi. GS anazoea kusimama, kupima, kuachia. Kikapu kuna kifua mgongoni mwako, kiwiko ubavuni, unakimbia kwenda na kurudi uwanja mzima. Mtoto anaweza kuvuka, lakini anahitaji muda.

Na waliovuka wapo huko huko kwenu. Oberon Pitterson aliichezea Jamaika netiboli, akacheza kikapu chuo cha Western Illinois, kisha akarudi akawa kocha mkuu wa Sunshine Girls. Kwa hiyo hiyo "kwaheri" yako si lazima iwe ya milele. Simone Edwards wa Kingston alikuwa Mjamaika wa kwanza kucheza WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, na alianzia chuo cha miaka miwili Oklahoma, kama hiki chako, ndipo akaenda Iowa. 2004 akabeba ubingwa na Seattle Storm. Mungu amrehemu, alifariki 2023.

Sasa niulize mimi. Kocha anataka mchezaji Januari, katikati ya msimu, bila kumwona kwa macho. Hiyo video ni ya lini? Na msimu huu binti amecheza wapi?

Mama Pwani:
Video ni ya mwaka jana, mwalimu. Msimu huu amepumzika kidogo.

Mwalimu wa Michezo:
Amepumzika nini, dada? Msichana wa miaka 17 anayesubiri kuitwa timu ya taifa ya vijana hapumziki.

Kipusa wa Moro:
Mama Pwani?

Mama Pwani:
Nimekaa na simu hii mkononi saa nzima.

Mwezi wa tano alikuwa anacheza netiboli, akadaka mpira wa juu, akatua na mguu mmoja. Mwalimu amesema vizuri, mguu ukishatua haukubaliki kusogea. Yeye akasimama palepale kama alivyofundishwa, goti likazunguka bila yeye. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wazazi. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akauweka mpira pembeni polepole kama anaweka yai.

Kano ya katikati ya goti ilikatika. Alipasuliwa mwishoni mwa mwezi wa sita, wakachukua kano ya nyuma ya paja wakamtengenezea nyingine. Anatembea vizuri, anaendesha baiskeli, ameanza kukimbia mbio za pole. Ikifika Januari itakuwa miezi saba.

Kocha wa Marekani hajui.

Mwalimu wa Michezo:
Kwenye fomu hawakuuliza majeraha?

Mama Pwani:
Wameuliza. Nimeacha pale wazi.

Msinihukumu kabla ya kunisikia. Sikuandika uongo, nimeacha wazi tu. Netiboli ndiyo iliyomvunja goti, na kocha wa netiboli anayesema asubiri hajaja nyumbani tangu mwezi wa saba. Huko chuoni kuna madaktari na vyumba vya mazoezi. Huku fizio tunalipa kila akienda. Akishafika watamwangalia. Nimeshalipia miadi ya viza. Kanisani wameshamwombea safari njema.

Mzee wa Posho:
Ah. Dada, nafuta kauli yangu ya kwanza.

Ustadh Kibaha:
Kuficha aibu ya bidhaa ni dhambi kwa muuzaji, sembuse mwili wa mwanao. Fomu uliyoiacha wazi inasema, mama. Na mwenyewe mtoto anajua kuwa umeacha wazi?

Mama Pwani:
Hajui. Fomu nilijaza mimi.

Kigogo wa Data:
Wakuu, mimi nina mashaka. Mtanzania wa Tanga, yuko Spanish Town, mume fundi anachomelea pete, binti sentimita 188, kocha wa Marekani, goti, kanisa... Hii ni chai, tena ya maziwa. Halafu angalieni anapost saa ngapi: saa tisa usiku, saa kumi usiku. Mama gani wa familia yuko macho muda huo? Huyu ni kijana yuko Sinza anatafuta wafuasi.

Fundi Antena:
Mimi nilishaanza kuona huruma, kumbe nimekunywa kikombe kizima.

Msafiri wa Coventry:
Kigogo, fanya hesabu basi. Jamaika wako nyuma ya Dar kwa saa nane. Saa tisa usiku kwenu ni saa moja jioni kwake. Ndiyo muda mama wa familia anakaa.

Kigogo wa Data:
Saa anaweza kupanga yeyote. Athibitishe. Alifikaje huko?

Mama Pwani:
Mwanangu, sina sababu ya kukudanganya, lakini nitakujibu kwa kuwa umeniuliza. Mume wangu alikuja Tanga na mradi wa barabara, alipanga chumba kwa shangazi yangu Ngamiani. Tulioana, mkataba wake ukaisha, tukaja huku. Wiki ya kwanza nililia kila siku. Siku moja mama mkwe akaweka kitu cha duara juu ya mkaa, akakigeuza mpaka ganda likawa jeusi kabisa, akakipasua, harufu ikatoka. Lilikuwa shelisheli. Nikamwambia hili tunalo kwetu, tunalipika kwa nazi. Hakuniamini, kama wewe. Alinikatia kipande, akaweka na samaki wa chumvi, kama ng'onda wetu. Kuanzia siku ile nikaacha kulia.

Sina cheti cha hayo. Picha ya binti yangu siweki humu, ni mtoto. Ukiona ni chai, pita salama. Mimi Ijumaa yangu iko pale pale.

Kipusa wa Moro:
Mimi nakuamini kwa lile la kuweka mpira kama yai. Anayetunga angeandika mtoto alipiga yowe.

Kigogo wa Data:
Haya, shelisheli nimekubali. Samahani mama. Humu tumelishwa mengi, mpaka wa kweli wanaumia.

Mwalimu wa Michezo:
Turudi kwenye goti. Dada, sikulaumu, nakueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Baada ya upasuaji wa kano ile, madaktari wengi hawamruhusu mchezaji kurudi mashindanoni kabla ya miezi tisa, na wengi wanataka mwaka. Akirudi mapema, hatari ya kukatika tena inapanda sana, na anayerudia mara ya pili huenda ikawa ndiyo mwisho wake. Januari ni miezi saba. Akifika chuoni atapimwa kabla ya kuruhusiwa uwanjani. Kovu la upasuaji halifichiki kwa soksi. Hapo atakuwa peke yake, miaka 17, nchi ya ugenini, anaulizwa kwa nini alificha. Na yeye hata hakuficha.

Makocha wamezoea magoti. Wapo wanaochukua mchezaji na kumsubiri. Wasichosamehe ni kushtukizwa.

Na swali lako la kwanza, netiboli au kikapu, kwa sasa halipo. Kwanza goti. Baada ya goti ndipo mtajua.

Mama Pwani:
Mwalimu, nilijua. Nilikuwa nataka mtu aniambie kuwa inawezekana kuruka hapo. Nilivyomwona analia usiku akidhani tumelala, nikasema huu mlango ukifungwa mimi ndiye nimeufunga.

Ustadh Kibaha:
Mwambie mtoto leo, kabla ya kumwambia kocha. Allah akufanyie wepesi.

Mama Pwani:
Nimewasikia. Naenda kukaa naye.

Mama Pwani:
Leo Jumapili, narudi kama nilivyowaahidi moyoni.

Nilimwambia Jumatano. Alikasirika, hajawahi kunitazama vile. Akaniuliza, "Mama, wewe unaniona mimi siwezi kupona?" Sikuwa na jibu. Baadaye baba yake akamletea kompyuta, akamwandikia kocha yeye mwenyewe, kila kitu, na tarehe ya upasuaji. Mimi nikajaza ile sehemu nikaituma upya.

Kocha amejibu jana. Nafasi ya Januari imeondoka, ameshapata mwingine. Lakini anaomba ripoti ya daktari, na video mpya mwezi wa nne akiwa amepona. Hakuahidi kitu. Kocha wa netiboli naye, mume wangu alimpigia, akaja jioni na embe mbili. Alikuwa anaona haya kuja, anasema alijilaumu kwa sababu yeye ndiye aliyempanga siku ile ingawa mtoto alisema amechoka.

Mzee wa Posho:
Pole dada. Ila umelala usingizi?

Mama Pwani:
Nimelala, mzee wangu.

Kipusa wa Moro:
Na mtoto anaendeleaje?

Mama Pwani:
Fizio hajamruhusu kuruka bado. Jana kaweka kigoda uani, kakaa, anarusha akiwa amekaa, mkono tu na kifundo. Kaka yake anamrudishia mpira. Amehesabu mpaka 100.

Mwalimu wa Michezo:
Mpira namba ngapi?

Mama Pwani:
Namba tano. Na ubao ameuchomoa.