Mama anameza dawa ya mifupa na chai ya alfajiri, sasa kifua kinamwaka. Nishaurini

Nyar_Ahero (Jumatatu, saa 3:12 usiku)

Habari zenu. Mnisamehe, maelezo ni marefu.

Mama yangu ana miaka 68, anaishi Ahero. Mwezi wa pili aliteleza hapo nje kando ya tangi la maji, akajikinga na mkono, ukavunjika karibu na kiganja. Hakuanguka kutoka mahali pa juu, aliteleza tu. Kisumu walimfunga plasta, halafu daktari akasema mfupa mzima hauvunjiki kirahisi namna hiyo, akamtuma apigwe picha ya kupima uimara wa mifupa. Jibu la nyonga likaja chini ya -2.5. Osteoporosisi. Daktari alimfafanulia kwamba mfupa umeliwa ndani kama mti ulioingia mchwa, na mama akaelewa mara moja.

Akaandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, na vidonge vya kalsiamu na vitamini D vya kila siku. Mimi niko Nakuru kikazi. Aliyempeleka ni mpwa wangu, kijana wa miaka 19, na maelezo aliyopewa dirishani yalikuwa "hii Jumapili, hizi kila siku". Basi.

Wikendi hii nimeenda nyumbani nikajionea mwenyewe. Jumapili saa kumi na moja alfajiri mama anaamka, anawasha jiko, anachemsha chai ya maziwa, kisha anameza alendroneti, kalsiamu na ya presha kwa mkupuo mmoja na hiyo chai. Halafu anarudi kulala mpaka saa moja, ndipo aamke ajitayarishe kwenda kanisani. Anasema ndivyo amekuwa akifanya tangu mwezi wa tatu. Na sasa ni wiki ya tatu analalamika kifua kinawaka, na akimeza ugali anahisi kama tonge limekwama hapa katikati. Ameniambia dawa itamuua kabla mifupa haijamuua.

Aache au aendelee? Nikisaga kidonge nikachanganya kwa uji, si kitapita vizuri? Pia ana jino linalomsumbua, amepanga kung'oa Alhamisi hii. Na nilikuwa nisahau: magoti yakizidi anatuma mtoto amnunulie diklofenaki kwa kemisti ya hapo stejini.

Baba_Tatu_Molo (saa 3:40 usiku)

Pole dada. Mwambie mama avumilie, dawa zote huanza na vurugu, mwili utazoea.

SistaWaZamu (saa 4:05 usiku)

Baba Tatu, nakuheshimu lakini kwa hii hapana.

Nyar Ahero, mimi ni muuguzi Kakamega. Kila mama anayekuja na dawa hii huwa namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: chai yako ya kwanza unakunywa saa ngapi? Hapo ndipo mambo huharibikia.

La haraka kwanza. Kifua kuwaka pamoja na chakula kukwama si jambo la kuzoea. Kidonge hiki kikisimama njiani, kwenye umio, kinachubua, na mchubuko ukirudiwa kila wiki unakuwa kidonda. Mama asimeze cha Jumapili ijayo kabla hajaonwa na daktari. Akitapika damu, akienda choo cheusi kama lami, au akishindwa kumeza hata mate, hapo usingoje kliniki, mtafute gari usiku huo huo.

Kusaga usithubutu. Hakitafunwi, hakimumunywi, hakisagwi. Kinatakiwa kishuke kizima, haraka, kikafike tumboni. Ndiyo maana kinatakiwa gilasi nzima ya maji, kama mililita 200 na kidogo juu, si mafunda mawili. Na ndiyo maana hatakiwi kulala: akilala, kilichoshuka kinapanda tena.

Sasa hiyo chai. Dawa hii mwili unaipokea kwa ubahili wa ajabu. Hata tumbo likiwa tupu kabisa, inayoingia kwenye damu haifiki asilimia 1 ya kidonge. Kahawa au juisi ya machungwa tu hukata hako kadogo kwa karibu asilimia 60. Ikikutana na maziwa au kidonge cha kalsiamu ndiyo mbaya zaidi, vinashikana tumboni na kutoka pamoja chooni. Kwa hiyo, pole kukwambia, miezi yote hii mama amepata mchubuko na huenda dawa yenyewe hajaipata.

Daktari akimruhusu kuirudia siku moja, mambo yaende hivi: anaamka, hajaonja kitu, anameza kidonge na gilasi ya maji matupu, kisha anakaa wima. Alishe kuku, achambue mboga akiwa ameketi, lakini kitandani asirudi kwa nusu saa nzima, na mpaka awe ametia kitu tumboni. Nusu saa ikipita ndipo chai na ya presha. Kalsiamu ingoje chakula cha mchana au cha jioni.

Kijana_wa_Kibuye (saa 4:11 usiku)

Nusu saa bila chai asubuhi? Kwa mama wa Nyanza? Hiyo ni dawa au kifungo cha nje 😂

Nyar_Ahero (saa 4:20 usiku)

Wewe cheka tu, ndiyo vita vinavyoningoja.

Sista asante sana. Nimempigia sasa hivi, ameahidi hatagusa cha Jumapili. Alivyofurahi, unaweza kudhani nimemtumia pesa.

Otas_Winam (saa 4:33 usiku)

Dada achana na haya madawa ya wazungu. Dani wetu, yaani nyanya, alikula omena na supu ya mifupa mpaka akafa na miaka 90, hakuvunjika kitu.

SistaWaZamu (saa 4:50 usiku)

Otas, kwa omena niko nawe. Inaliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu iko ya kutosha, aendelee nayo. Mala pia. Supu ya mifupa ni tamu, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Ila sikiza: mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku, na hedhi ikishakoma, wabomoaji wanawazidi wajenzi mbio. Omena ni mawe na saruji. Alendroneti kazi yake ni kumshika mkono anayebomoa. Ukileta saruji na nyundo ziko kazini, utajenga nini?

Mfamasia_Msafiri (Jumanne, saa 12:25 asubuhi)

Sista amemaliza mengi. Mimi nina mawili matatu.

Diklofenaki isimame leo. Peke yake inachubua tumbo, ikiongezwa juu ya umio ulioshachubuka ni kumwaga petroli. Kwa mtu wa presha tena inapandisha presha na kuchosha figo. Amuulize daktari kuhusu parasetamoli kwa hayo magoti.

Uliza pia kama alipimwa figo na kalsiamu ya damu kabla ya kuanzishiwa dawa. Figo zikifanya kazi chini ya 35 kwa kile kipimo chao, dawa hii haipendekezwi. Kalsiamu ikiwa chini, hiyo ndiyo hutibiwa kwanza.

Jino usilinyamazie. Mpigie daktari wa meno kabla ya Alhamisi umwambie mama ametumia alendroneti. Kuna shida ambapo mfupa wa taya unakataa kufunga baada ya jino kung'olewa. Kwa watu wa vidonge vya wiki ni nadra sana, na mama hajatumia hata mwaka, kwa hiyo msiingiwe na hofu. Jino lenye usaha nalo lina hatari yake. Daktari ataamua, lakini aamue akijua. Na awe daktari kweli, si fundi wa sokoni.

Mwisho, umio ukikataa vidonge kabisa, njia bado zipo. Kuna zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka. Kuna denosumabu, sindano chini ya ngozi kila miezi sita. Hiyo ya pili ukianza huruki tarehe, kwa sababu ukiiacha ghafla mfupa huporomoka upesi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Kama pesa ya miezi sita ijayo haina uhakika, mwambieni daktari mapema, si aibu.

Mzee_Njoro (Jumanne, saa 2:10 asubuhi)

Wanangu, msidhani ni ugonjwa wa akina mama pekee. Nina miaka 71, pumu ilinifanya nimeze prednisoloni miaka mingi, nayo ikala mifupa. Huu ni mwaka wangu wa nne na hicho kidonge cha wiki.

Binti yangu, kwanza muondolee mama hiyo Jumapili. Ni siku ya haraka: kuna nguo za kupigwa pasi, kuna wajukuu, kuna kanisa, na nusu saa inakuwa dakika kumi. Mimi yangu ni Jumatano kwa sababu Jumatano sina safari. Kalenda niliyopewa na duka la mbegu iko ukutani jikoni, nikimeza naweka alama kwa kalamu nyekundu. Gilasi naijaza usiku, naifunika na kisahani, ikawa ndiyo kitu cha kwanza ninachokiona. Saa ya simu siiamini, huwa naizima nikiwa usingizini.

Mwaka wa kwanza nilisahau Jumatano moja, nikakumbuka jioni. Alhamisi asubuhi nikameza viwili nifidie. Daktari alinigombeza kama mtoto wa shule. Ukisahau, unameza kimoja asubuhi inayofuata baada ya kukumbuka, kisha unarudi kwa siku yako ya kawaida. Viwili kwa siku moja, kamwe.

Aliniambia pia paja au kinena kikianza kuuma bila sababu nimwone, maana kwa waliotumia miaka mingi kuna wachache fupa la paja hupasuka kwa namna isiyo ya kawaida. Nikifika mwaka wa tano tutakaa chini tuone kama napumzishwa.

Na hapo kwenye tangi alipoteleza, mumepatengeneza? Naona wote mmekazana na vidonge.

Baba_Tatu_Molo (Jumanne, saa 2:45 asubuhi)

Nimerudi kusema nimekosea. Sista asante. Hata mke wangu ana za tezi za koo, za kumeza alfajiri na maji, na jana nimemwona na kikombe cha chai mkononi. Leo tumegombana.

Nyar_Ahero (Ijumaa, saa 1:30 usiku)

Narudi na habari. Nilichukua ruhusa kazini, tukaenda Kisumu Jumatano. Alendroneti imesimamishwa. Amepewa omeprazoli, ya kupunguza asidi tumboni, kwa muda mfupi na tarehe ya kuingizwa kamera kooni ili waone kama kuna kidonda. Damu imechukuliwa, ya figo na ya kalsiamu. Kumbe mara ya kwanza hazikupimwa. Daktari amesema majibu yakitoka ndipo tutajadili kama ni kurudi kwa kidonge kwa utaratibu mzuri au kwenda kwa dripu. Mama ameshachagua dripu, kwa sababu daktari alisema haina masharti ya chai.

Daktari wa meno aliliangalia jino, akasema linazibika, halihitaji kung'olewa. Diklofenaki nilizikuta nne chini ya mto. Nimeondoka nazo.

Kalsiamu sasa ni saa saba na chakula. Mpwa wangu ndiye askari.

Mzee wa Njoro, swali lako lilinichoma. Pale kwenye tangi bomba limekuwa likivuja tangu mwaka jana, na wote tulikuwa tunaruka hiyo tope kila siku. Fundi amekuja jana, bomba limezibwa, na kokoto debe sita zimemwagwa. Mama alitoka kwenda kuzikanyaga na viatu vya kanisa.

Mzee_Njoro (Ijumaa, saa 2:02 usiku)

Vizuri. Sasa taa ya njia ya choo.

Nyar_Ahero (Ijumaa, saa 2:05 usiku)

😅 Sawa mzee. Kesho.