Nyumba ya mzee Mkuyuni, mbele kabisa ya Barabara ya Kenyatta: tuuze au tupige fremu?

Mkuyuni88

Wakuu habari za leo, hasa nyie wa Mwanza. Naombeni mawazo maana nyumbani hatuelewani na anayeumia ni mama.

Mzee wetu alikua mfanyakazi wa reli, akajenga Mkuyuni mwaka 1988, nyumba ya vyumba vinne imeangalia Barabara ya Kenyatta, mbele kuna uwanja wa mchanga na mwembe. Mama anasema kipindi hicho ukikaa barazani ulikua unahesabu magari na unayajua ya nani. Sasa hivi kuvuka tu kwenda sokoni ni kazi, daladala za Buhongwa na Nyegezi zimeshonana, bodaboda zinatokea kila upande, na tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 ndo kabisa, zamani magari ya Sengerema na Geita yalikua yanakuja kwa mafungu, kivuko kikishusha yanapita yote halafu kunatulia kidogo, siku hizi hakuna kutulia, ni mfululizo mpaka usiku.

Sasa mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Juzi kaja dalali na mteja wa milioni 120 taslimu, anataka jibu ndani ya wiki mbili. Kaka mkubwa anataka tuuze, tumnunulie mama kiwanja Usagara tumjengee, inayobaki tugawane. Dada hataki kusikia, yeye anataka tukate mwembe tujenge fremu sita za maduka pale uwanjani, anasema fremu moja haitakosa laki na nusu kwa mwezi. Mama hataki kuhama, hapo alipo anaenda kliniki ya presha Bugando kwa daladala moja tu na majirani ni walewale aliozeeka nao. Mimi wa mwisho kuzaliwa niko katikati, kila mtu ananipigia simu niwe upande wake.

Nyie mngefanyaje? Natanguliza shukrani.

Bikoni

Mkuu kabla hujaongelea bei wala fremu chukua futi kamba ndefu nenda ukapime kutoka katikati ya lami mpaka ukuta wa mbele wa nyumba. Nimefanya kazi na wapima zaidi ya miaka kumi, watu wanagombana kuhusu nyumba hata hawajui imesimama wapi.

Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikua mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya mita 30. Ndo maana mnaona nyumba zimechorwa X nyekundu na zingine X ya kijani. Nyekundu ni wale walioifuata barabara, hao hawalipwi kitu. Kijani ni wale ambao walikuwepo kihalali halafu barabara ndo ikawafuata, hao wana haki ya fidia siku barabara ikihitaji eneo. Nyumba ya 1988 inaweza ikawa kwenye kundi la kijani, ila huo uwanja wa mwembe ambao dada anataka kujenga fremu ni habari nyingine kabisa. Ukipandisha tofali mpya leo ndani ya hifadhi huna pa kudai, utabomoa kwa hela yako mwenyewe. Na maneno ya kuipanua Kenyatta kuelekea Usagara kila mtu wa njia hiyo anayasikia.

Mjini kuna ramani za mipango miji pia na sehemu zingine vipimo vinatofautiana, kwahiyo ukishapima usiishie hapo, nenda TANROADS, wakala wa barabara, na ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kiwanja mkononi. Mna hati?

Nyegezi Kona

Mimi nitaongelea fremu maana nimepanga barabara hiyohiyo mwaka wa saba huu, nauza vifaa vya umeme.

Dada yako hajakosea kwamba fremu inapata mtu, ila kupata mtu na kupata mtu anayekaa ni vitu viwili. Barabara ikiwa na magari mengi haimaanishi wateja ni wengi. Pale kwangu mwanzo gari ilikua inaweza kusimama mlangoni, mteja anashuka ananunua waya anaondoka, siku hizi akisimama nusu dakika nyuma yake ni honi tupu, anaamua kupitiliza. Wanaonunua ni wanaotembea kwa miguu, na anayetembea kwa miguu anafuata kituo cha daladala na njia ya sokoni. Mimi ningekua nyie ningejiuliza watu wa Mkuyuni wanashukia wapi na wanapita wapi kwenda sokoni, kama kuna kichochoro pembeni ya nyumba hapo ndo penye hela kuliko usawa wa lami.

Halafu vumbi jamani. Kiangazi nafuta rafu mara tatu kwa siku.

Mwenye fremu wangu wa kwanza alikua anataka kodi ya mwaka mzima na juu yake nikamlipa kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, mpangaji aliyetoka, miezi nane baadae nikaambiwa nitoke mtoto wake anataka kuweka duka, kilemba kikapotea na sikua na karatasi hata moja. Kwahiyo mkija kupangisha muandikishane, na mkumbuke mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango apeleke TRA, msije mkagombana nae mkidhani anawapunja. Laki na nusu ya dada haitafika yote mkononi.

Mama wa Kiloleli

Mwanangu pole sana na msiba, hata kama miaka imepita.

Nimesoma mara mbili sijaona ulipoandika kwamba mmefungua mirathi. Mlifungua? Kama hamkufungua basi hakuna wa kuuza hapo, si kaka yako wala mama. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mumchague msimamizi, aende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo athibitishwe. Akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Mteja anayejua hayo na bado anasukuma wiki mbili mimi naogopa, maana sisi kwetu tulisaini karatasi ya dalali mezani kwa haraka hivyohivyo, mama yetu akaja kuhangaika kortini miaka minne.

Na mama yako ana haki yake ndani ya ile nyumba, hakupewa hifadhi na watoto. Alijenga na mume wake. Muulizeni yeye kwanza, mkiwa mmekaa chini, si kwa simu.

Mzee wa Usagara

Mimi naona muuze ila sio kwa bei hiyo na sio kwa haraka. Nilihama mjini nikaja Usagara, hewa nzuri, eneo kubwa, nimefuga kuku na daraja limefanya huku kuchangamke. Ila nikuambie ukweli kiongozi, viwanja vya huku vingine havijapimwa, unauziwa kwa miguu na mashahidi wawili. Na mgonjwa wa presha kutoka huku mpaka Bugando asubuhi na foleni ya Buhongwa na Mkolani, hapana, hilo mlifikirie.

Bikoni

Mzee wa Usagara umenena. Halafu Mkuyuni88 jua kwamba fidia ya kisheria ni zaidi ya bei ya matofali. Kuna ardhi yenyewe, jengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Huyo mteja wa milioni 120 anaweza akawa anazijua hizo hesabu kuliko nyie.

Mkuyuni88

Wakuu nimerudi. Jana Jumamosi tumekutana wote nyumbani, nikanunua futi kamba ya mita 50, kaka akashika upande wa barabarani, kijana wa bodaboda akatusimamishia magari. Ukuta wa mbele uko mita 26, nje ya zile 22.5 za zamani ila ndani ya 30. Tumepima mara tatu. Uwanja wa mwembe wote uko ndani ya hifadhi, fremu sita za dada zingekaa humo zote. Dada alinyamaza muda mrefu, alikua ameshaongea na fundi.

Mirathi hatukufungua, Mama wa Kiloleli asante sana, kikao cha ukoo ni Jumapili ijayo baba mdogo anatoka Magu. Dalali tumemwambia hakuna mauzo mpaka mahakama iteue msimamizi, kakata simu.

Na Nyegezi Kona, kichochoro kipo, ubavuni mwa nyumba upande wa jikoni, watu wa sokoni wanapita hapo tangu asubuhi, tumekizoea mpaka hatukioni. Mama mwenyewe ndo kasema chumba cha nyuma kikitobolewa mlango huko yeye atauza dagaa na chumba cha pili apangishe.

Kwenye sanduku la mzee tumekuta barua ya ofa ya kiwanja ya 1987 na risiti zake, hati hakuwahi kuifuatilia. Kesho saa mbili naenda ofisi ya ardhi na kaka, tukitoka hapo TANROADS.